Kumuuza farasi uliyeanza kumwogopa: maswali ninayoulizwa kila mara

Tangu nimuuze Bahasha, simu yangu imekuwa kama ya dalali. Wanaonipigia wengi si wanunuzi. Ni watu wenye farasi huku Arusha, Usa River, Kisongo na Monduli, na wachache wa upande wa Machame na Sanya Juu. Huanza na salamu ndefu, wakazungukia mvua na bei ya majani, kisha sauti inashuka: "Hivi wewe ulijuaje kwamba basi?" Huku kwetu wenye farasi tunahesabika, na mtu akishikwa na woga anaona aibu kumwambia jirani ambaye wiki ijayo watakutana njiani, yeye akiwa anamvuta farasi kwa kamba.

Nimekusanya majibu hapa. Mimi si daktari wa mifugo wala mwalimu wa kupanda. Ni mhasibu niliyekuwa na farasi mmoja, dume aliyehasiwa, mwekundu, mwenye baka jeupe usoni la umbo la bahasha. Nilikaa naye miaka minne, mwaka na nusu kati ya hiyo nikimwogopa.

Nimeanguka mara moja tu. Inatosha kuuza?

Hapana. Hakuna anayepanda farasi ambaye hajawahi kula vumbi. Mimi nilianguka mara nne kabla ya ile iliyonimaliza, na zote nne tulizicheka jioni ile ile.

Ya tano ilikuwa mwezi wa nane, kwenye njia inayopita nyuma ya shamba la maua. Upepo ulikuwa umechana nailoni ya banda la maua, na kipande kimoja kikawa kinapepea kama shuka kwenye kamba. Bahasha akaruka pembeni. Mimi nikabaki hewani pale alipokuwa. Nilivunjika mtulinga, nikakaa wiki sita mkono ukiwa umefungwa shingoni.

Mfupa uliunga vizuri. Kilichonishtua ni vitu vidogo vilivyofuata. Jumamosi nilianza kuamka nikisikiliza kama mvua inanyesha, na nikawa naiombea inyeshe. Nikawa nasafisha tandiko ambalo tayari ni safi. Nikishamsugua farasi nusu saa, namsugua tena. Siku moja saisi, yaani mtunza farasi wangu, akaniambia, "Mama, kiatu cha mbele kimelegea, leo hapandiki," nikahisi kama nimetuliwa gunia la mahindi. Ukijiona humo wiki mbili tatu, subiri. Ukijiona humo miezi, endelea kusoma.

Nitajuaje kama ni woga wangu au farasi mwenyewe anaumwa?

Anza na farasi, hata kama una hakika kosa ni lako. Farasi anayeumwa husema kwa kurusha kichwa, kupiga mateke, kukataa kufungwa mshipi wa tumbo, au kutimka. Sisi tunamwita mtukutu.

Meno yake hayaachi kuchomoza, kama milimita 2 hadi 3 kwa mwaka, na kingo za magego zikiwa kali zinachana shavu kwa ndani. Ukivuta hatamu, anasikia kisu. Daktari ayapitishie tupa angalau mara moja kwa mwaka. Kwato zichongwe kila wiki 6 hadi 8. Fundi wa kwato akichelewa, mwendo unaharibika na mgongo unafuata. Tandiko nalo lina msimu wake. Farasi hunenepa majani yakiwa mengi baada ya masika, akakonda mwezi wa kumi vumbi linapotimka, na tandiko lile lile lililomkaa vizuri mwezi wa pili linambana mabega mwezi wa saba. Vua tandiko baada ya mazoezi utazame jasho: sehemu kavu katikati ya mgongo uliolowa, au nywele zilizogeuka nyeupe, ni alama ya kubanwa.

Halafu masikio. Hili vitabu vya wenzetu wa nchi za baridi haviliandiki sana, lakini huku kwetu ndilo la kwanza. Farasi anayekataa kuvishwa hatamu, washa tochi umchungulie sikioni. Kupe.

Na chakula. Nimewahi kuona farasi amefungiwa bandani siku tano anakula mahindi na pumba, siku ya sita mwenyewe anampanda aende naye barabarani, kisha anashangaa. Ukimpunguzia kazi, mpunguzie nafaka siku hiyo hiyo, abaki na majani.

Kumbuka pia alivyoumbwa. Macho yake yako ubavuni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya paji na nyuma ya mkia. Kitu kinachopepea kwa pembeni na nyuma, kwake ni mnyama anayemrukia. Kuruka kwake si ukorofi.

Kwa Bahasha tulikuta tandiko linabana bega la kushoto, gego moja lina ncha kama msumari, na kupe saba katika masikio mawili. Tukarekebisha yote. Baada ya wiki tatu saisi alikuwa anapita naye pale pale kwenye nailoni, hatamu mkono mmoja. Nikapanda mimi. Mikono ikaanza kutetemeka hata getini hatujafika. Jibu lilikuwa hapo, ingawa nililikataa miezi mingine mingi.

Woga wa mpandaji unamfikia farasi kweli, au ni maneno tu?

Unamfikia. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walichapisha jaribio ambalo nalipenda kwa urahisi wake. Watu waliongoza au kupanda farasi kupita sehemu moja mara kadhaa, na kabla ya mara ya mwisho wakaambiwa kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa ghafla mbele ya farasi. Mwavuli haukufunguliwa. Lakini mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi yakapanda pia, ilhali farasi hawakuwa wameambiwa kitu.

Ukiwa juu ya tandiko ni rahisi kuelewa. Ukiogopa unabana magoti, na kwa farasi kubanwa ni kuambiwa nenda. Papo hapo unavuta hatamu, maana yake simama. Unazuia pumzi, unainamia mbele. Yeye amebeba mtu anayemwambia nenda na simama kwa pamoja, mtu ambaye mwili wote unasema kuna chui kwenye ile migomba. Afanye nini?

Ndiyo sababu nawaambia watu wasikae na uamuzi huu miaka. Mwaka wa kwanza Bahasha alikuwa anapitwa na bodaboda yenye kreti za soda hageuzi sikio. Mwaka wa mwisho, nikiwa mimi juu, alianza kucheza akisikia muungurumo wa pikipiki hata kabla haijaonekana, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaisikia. Nilikuwa namfundisha woga wangu kila Jumamosi. Ningeendelea miaka miwili zaidi ningebaki na farasi ambaye kweli hauziki, na kila mtu angesema ni mkorofi, na ungekuwa ni uongo niliousababisha mimi.

Nijaribu nini kabla ya kukata shauri?

Jipe muda wenye mwisho. Mimi niliweka miezi mitatu, mwezi wa sita hadi wa nane wa mwaka uliofuata, tarehe nikaizungushia duara kwenye kalenda ya jikoni, na saisi akawa shahidi.

Ndani ya miezi hiyo nililipa mwalimu. Nilitembea na Bahasha kwa miguu kwenye njia zote nilizoziogopa, mimi mbele na kamba mkononi, hadi karibu na kelele za Tengeru siku ya soko. Nilimzungusha kwa kamba ndefu uwanjani. Nilinunua fulana ya kukinga mbavu. Na jirani mmoja, Mungu ambariki, aliniazima farasi jike wake mzee nipande mara mbili kwa wiki.

Huyo jike ndiye aliyenifumbua macho. Juu yake nilikwenda matiti, zile mbio ndogo za farasi, nikaimba hata wimbo wa kwaya. Siku hiyo hiyo nikapanda wangu, koo likakauka. Kwa hiyo kupanda kulikuwa bado kumo ndani yangu. Kilichokufa ni imani kati yangu na farasi mmoja.

Wapo ambao miezi mitatu iliwarudisha. Namjua mzee mmoja wa Moshi ambaye baada ya kuanguka alipanda kwa mwendo wa kawaida tu mwaka mzima, na leo anakwenda shoti, mbio zenyewe. Usinichukue mimi kama kipimo. Usimsikilize pia atakayekwambia ukipigwa chini upande tena hapo hapo. Na mtulinga umevunjika? Wala yule wa kukupa bia moja ya ujasiri.

Kwa nini nisibaki naye tu bila kumpanda?

Ukiweza, baki naye. Ila piga hesabu kwanza, na hapa uhasibu wangu unanisaidia.

Farasi wa kilo 450 anakula majani makavu kama kilo 9 hadi 10 kwa siku, zaidi ya tani 3 kwa mwaka. Kiangazi robota la majani linapanda bei, na wanaofuga ng'ombe wa maziwa mnagombania nao yale yale. Maji, lita 25 hadi 45 kwa siku. Ongeza fundi wa kwato, chanjo, dawa ya minyoo, dawa ya kuogesha kupe, mshahara wa saisi, maranda ya bandani. Haya yote hayapungui hata shilingi kwa sababu humpandi. Farasi akitunzwa huishi miaka 25 hadi 30. Bahasha alikuwa na 11.

Na farasi ni mnyama wa kundi. Kumweka peke yake nyuma ya ua miaka kumi na tano akitazama ukuta, kwa sababu mimi nina uchungu wa kumwachia, niliona ni kujipendelea.

Nimwazimishe mtu badala ya kuuza?

Inawezekana, kama mtu huyo yuko karibu na anapanda vizuri kuliko wewe. Andikeni nani analipa daktari akiumwa usiku. Mimi nilijaribu miezi miwili. Kila alipotoka naye nilikaa kibarazani nikihesabu dakika, kwa hiyo woga ulikuwa bado wangu, farasi tu ndiye alikuwa kwa mtu mwingine.

Watu watasemaje?

Watasema. Ulipomnunua walisema unaiga wazungu, ukimuuza watasema hela zimekwisha. Shangazi yangu wa Marangu aliuliza swali moja tu, kama bei yake inanunua ng'ombe wangapi wa maziwa, na nilipomjibu akasema nilichelewa.

Niuze msimu gani?

Kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi. Masika barabara za vumbi ni utelezi, mnunuzi hawezi kumwona akikimbia, na lori likikwama tope na farasi ndani ni balaa.

Sababu kubwa zaidi ni ule ugonjwa wa farasi wa Afrika. Ni kirusi kinachobebwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma kuanzia magharibi hadi alfajiri, na wakati wa mvua na mara baada yake ndipo wanapojaa. Ukishika mapafu, farasi wengi hawaponi. Anajaa maji na povu linatoka puani, na mara nyingi kati ya asubuhi aliyokula vizuri na kifo zinapita siku chache tu. Punda na pundamilia huubeba bila kuonyesha sana, na sisi tunaishi jirani na pundamilia. Kwa hiyo chanjo kila mwaka kabla ya mvua, na kumwingiza bandani kabla jua halijazama. Mnunuzi anayejua ataomba kuona kadi ya chanjo kabla hata ya kumwona farasi. Asiyeiomba, muulize maswali mengi.

Bei nipangeje?

Ng'ombe ukimpeleka mnada wa Meserani au Weruweru, kufikia saa sita unajua thamani yake. Farasi hana mnada huku. Bei inatokana na simu tano au sita, basi.

Kinachopandisha ni utulivu, kisha afya, kisha umri wa kati, kama miaka 6 hadi 14. Umri unasomwa kwenye meno, kwa hiyo usidanganye. Urembo na rangi huja mwisho, ingawa wauzaji wengi huanza navyo. Bei niliyopata siiandiki, mnunuzi naye ana siri yake. Nitasema tu kwamba ilikuwa chini ya niliyoitaka, na kwamba niliyemkatalia alikuwa anatoa zaidi.

Nimwambie mnunuzi kwamba nilianguka na nikaogopa?

Ndiyo, na umwambie kwenye simu ya kwanza, kabla hajatia mafuta kwenye gari.

Nilishawishiwa sana nisiseme. "Sema unahama." "Sema una kazi nyingi." Mtu mmoja ninayemheshimu aliniambia farasi ni kama gari, hutangazi lilipogongwa. Nikafikiria: nikisema nahama, mnunuzi atajua nini kuhusu nailoni? Atampitisha binti yake kando ya banda la maua siku ya kwanza. Ikivunjika shingo badala ya mtulinga, nitakaa wapi?

Kuna na sheria. Chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu au kwa maelezo ya uongo inampa aliyedanganywa haki ya kuubatilisha mkataba. Kwa hiyo hata pochi yako haiko salama.

Tangazo langu lilikuwa hivi, unaweza kuliiga:

"Farasi dume aliyehasiwa, miaka 11, mwekundu. Amechanjwa, meno na kwato ziko sawa. Anakamatika shambani, anapanda lori, anasimama kwa fundi. Anaruka pembeni akiona nailoni inapepea. Aliniangusha mwaka jana kwa sababu hiyo, na tangu hapo mimi namwogopa. Saisi wangu hamwogopi. Anafaa mtu mzima au kijana aliyezoea. Hafai mtoto anayeanza."

Nilitegemea kimya. Nikapigiwa simu na watu wanne, wote wanaojua farasi. Waliokuwa wanatafuta cha kupigia picha hawakupiga kabisa.

Nani nisimuuzie?

Anayesema "huyo nitamnyoosha." Mwisho wa mazungumzo.

Mzazi anayemtafutia mtoto zawadi ya siku ya kuzaliwa, farasi wa kwanza, mshangao. Huyo mwambie kwa upole, na umwelekeze kwa mwalimu ambako mtoto ataanza na farasi mzee wa shule.

Mwenye kazi ya sherehe. Sisemi wote ni wabaya, lakini spika, fataki, vigelegele na bwana harusi asiyewahi kupanda, juu ya farasi anayeogopa nailoni? Huyo ndiye aliyekuwa anatoa pesa zaidi.

Anayempeleka mahali penye mbung'o bila mpango wa dawa. Farasi aliyezoea ubaridi wa miteremko ya Meru anashushwa tambarare lenye vichaka, anashikwa na ndorobo, ugonjwa unaoletwa na mbung'o hao, na miezi sita baadaye amebaki mbavu. Uliza atalala wapi, maji yanatoka wapi, na daktari wa karibu yuko umbali gani. Ikiwezekana nenda ukaone. Mimi nilikwenda, nikapewa chai, nikahesabu farasi waliokuwepo na unene wao. Wenyeji hawakukasirika. Mwenye nia njema hakasirikii hilo.

Siku ya kumjaribu, mimi nisiyeweza kumpanda nafanyaje?

Apande saisi wako kwanza, mnunuzi atazame kutoka chini, kisha apande mnunuzi. Usijikaze kupanda wewe ili kuonyesha kwamba yuko salama; utamchemsha farasi na kuthibitisha kinyume. Nilisimama nyuma ya uzio nikashika kikombe.

Mwache mnunuzi amkute shambani, aone anavyokamatwa, anavyosuguliwa, anavyovishwa. Usimkimbize asubuhi ili achoke, na usimpe dawa ya kumtuliza. Huo ni udanganyifu ule ule niliousema. Kofia ngumu kichwani kwa kila anayepanda, hata mtaalamu wa miaka thelathini. Waanze ndani ya uwanja, wamalizie njiani.

Ukaguzi wa daktari na karatasi?

Mnunuzi alete daktari wake na amlipe mwenyewe. Wako amekuzoea, hata akiwa mwadilifu itasemwa. Atasikiliza moyo (farasi mzima akipumzika hupiga kati ya 28 na 44 kwa dakika), atapima joto (37.5 hadi 38.5), atatazama macho na meno, atamkunja miguu kisha amkimbize matiti kwenye ardhi ngumu aone kama anachechemea. Bahasha alikutwa na kovu dogo kwenye goti ambalo nilikuwa nimelisahau. Tuliliandika.

Mkataba wa mauziano uandikwe kwa Kiswahili ambacho wote wawili mnakielewa: alama za farasi na picha zake pande mbili, umri, bei, tarehe, kasoro zilizotajwa, na nani anabeba hasara akifa njiani. Hilo la mwisho watu hulisahau. Mashahidi wawili, sisi tulimwomba na mwenyekiti wa mtaa atie sahihi. Kadi ya chanjo inakwenda na farasi. Akihama wilaya, chukua kibali cha kusafirisha mifugo ofisi ya mifugo ya halmashauri yako. Akivuka Namanga au Holili kwenda Kenya, kuna cheti cha afya cha huku na kibali cha kuingiza cha kule, na vyote viwe mkononi kabla lori halijawashwa.

Na saisi wangu je?

Hili huulizwa na wachache, nami naliona kubwa kuliko bei.

Ukiuza farasi wako wa pekee, kuna mtu anapoteza kazi. Saisi wetu alikuwa naye kabla yangu. Alikuja na farasi nilipomnunua, kama mama mkwe anayemfuata binti. Yeye ndiye aliyekesha naye usiku tumbo lilipomsokota, akimtembeza hadi alfajiri. Nilimwambia kwanza, kabla ya kutangaza, tukiwa tumekaa juu ya marobota ya majani. Alinyamaza sana. Kisha akasema, "Mama, mimi nilijua tangu mwaka jana. Nilikuwa nasubiri useme."

Kisheria, anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28. Aliyetimiza mwaka na zaidi kazini ana kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Lipa, na uandike. Zaidi ya hapo mwandikie barua ya kumtambulisha, kwa sababu watu wanaojua farasi kweli huku ni wachache, na kwa mdomo pekee sifa zake zitaishia getini. Wetu aliulizwa na mnunuzi kama angependa kuhama naye. Akakataa, watoto wanasoma Usa River. Sasa yuko kwa jirani mwenye farasi wawili.

Usafiri?

Fuso yenye kuta ndefu inatosha, ikirudishwa kinyumenyume kwenye tuta la udongo ili farasi aingie bila kupanda ngazi. Sakafuni mchanga au maranda asiteleze. Ondoka alfajiri. Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, na kwa lori lenye farasi dereva asiwe na haraka hata moja. Matuta ya barabarani ndiyo yanayowavunja miguu. Mfunge kamba kwa fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja, na mtu anayemjua akae naye nyuma.

Nitalia?

Mimi nililia kwenye chumba cha matandiko, kama dakika kumi, kisha nikahesabu hela. Jumamosi iliyofuata niliamka, mvua ilikuwa inanyesha, sikuwa na haja nayo. Hiyo hisia sikuitegemea na sikuona aibu nayo.

Unapanda tena?

Napanda yule jike mzee wa jirani. Ana miaka 22, anasinzia akisubiri geti lifunguliwe. Sijanunua mwingine. Nikinunua, nitapanda kwanza siku ya upepo.

Bahasha yuko wapi sasa?

Magharibi ya Kilimanjaro, kwenye eneo la mashamba ya shayiri, pamoja na farasi wengine watano. Anapandwa na binti wa pale, wa miaka kumi na tisa. Mwezi uliopita walinitumia video. Wanakuja kwa mwendo wa kawaida kando ya shamba, mlima umejifunika, na kwenye uzio kuna mfuko wa mbolea umenasa, unapepea. Nilisimamisha video hapo, nikaweka simu mezani, nikaichukua tena. Bahasha aliruka pembeni, vilevile kabisa kama siku ile. Binti akayumba, akacheka, akampiga shingoni kwa kiganja, wakaendelea.